Ini Lililochorwa Kushoto

Nianze na kosa langu. Niliwahi kuwaeleza akina mama wa mtaani kwetu hukumu moja ya saumu ambayo sikuijua vizuri. Nilipogundua nimekosea niliona haya, nikanyamaza, nikajiambia watasahau. Mmoja wao alifunga siku kumi zisizomlazimu, naye ni mgonjwa. Mwenyezi Mungu anisamehe. Sasa sikilizeni habari ya mtu aliyekuwa bora kuliko mimi.

Inasimuliwa kwamba katika mji wa Shirazi, zama za kale, aliishi mchoraji mmoja mchamungu, Najmuddin bin Farrukh. Kazi yake ilikuwa kuchora mwili wa mwanadamu katika vitabu vya matabibu: mifupa, mishipa na viungo vya tumboni. Hakugusa kalamu bila udhu, na nyuso za watu wake aliziacha bila macho, kwa hofu ya Mola wake.

Wachoraji wa wakati ule walikuwa na desturi yao. Picha ya asili ilichorwa kwenye ngozi nyembamba, kisha mistari yake ikatobolewa kwa sindano. Ngozi ikalazwa juu ya karatasi na kupigwapigwa kwa kifuko cha unga wa mkaa. Unga ulipenya matunduni, na mchoraji akafuata vitone vile kwa wino. Ngozi ikilazwa kifudifudi, picha hutoka nzuri vile vile, ila kulia kumekuwa kushoto.

Najmuddin alimaliza vitabu vinne. Hakim Sharafu, mkuu wa matabibu, akavipiga muhuri wake na kuahidi kwamba Ijumaa ya pili atamfanya mkuu wa wachoraji. Vitatu vilibaki mjini, cha nne kikapelekwa kijiji cha mbali, mwendo wa siku tisa.

Mkewe, Mahbanu, alikuwa binti wa mchinjaji. Siku moja akainama juu ya karatasi aliyobaki nayo mumewe, akauliza, "Baba Zahra, huyu mtu wako kazaliwa wapi? Baba yangu kachinja umri wake wote, na sijaona hata mnyama mmoja mwenye ini kushoto."

Najmuddin akamjibu kwamba mwanadamu si mbuzi, na kwamba mtu wa pichani anakutazama, kwa hiyo kulia kwake ni kushoto kwako.

"Hilo nalijua, nimeshalihesabu," akasema Mahbanu. "Haya, si mbuzi. Mwaka juzi ulipovimba ini, nilikukanda upande gani?"

Mume alikwenda kuitazama ngozi yake, akakuta alama za mkaa ziko upande usiofaa. Alikuwa ameilaza kifudifudi, mara zote nne.

Siku tatu alinyamaza. Nafsi ilimwambia kwamba matabibu husoma maneno, picha ni pambo tu. Tena avumilie hadi Ijumaa ipite. Lakini kila aliposujudu alifikiri habari ya mgonjwa asiyemjua, amelala mbele ya tabibu mwenye kitabu kile. Siku ya nne akaenda kwa Hakim Sharafu, akaeleza yote mbele ya wanafunzi.

Hakim alikasirika. "Muhuri wangu uko juu ya vitabu hivyo. Unataka watu wajue niliupiga bila kutazama?"

"Nataka kuvirekebisha, Hakim. Hilo la muhuri ni lako na Mola wako."

Cheo kikampita siku ile ile. Alirekebisha vile vitabu vitatu, kisha Mahbanu akamfungia mikate, naye akapanda punda kukifuata cha nne.

Alipofika kijijini alielekezwa kwa tabibu kijana, Isfandiyar. Alimkuta ameweka chuma katika makaa, na mbele yake amelazwa mfinyanzi mgonjwa wa ini, ubavu wake wa kushoto umetiwa alama tayari kwa kuchomwa. Kitabu kiko wazi pembeni. Najmuddin akamshika mkono na kumwambia asubiri, upande si huo.

"Mzee, kaa kando. Kitabu hiki kina muhuri wa Hakim mkuu."

"Muhuri ni wa Hakim. Mkono uliochora ni wangu, nao umekosea."

Akatoa ile ngozi mkobani na kuilaza juu ya ukurasa. Matundu hayakulingana na mistari. Akaigeuza kifudifudi, yakalingana yote, hata moja halikukosa mahali pake. Isfandiyar akakiweka chuma chini. Hapo mfinyanzi akasema kwa sauti ya chini, "Mimi tangu asubuhi nasema panauma huku kulia. Wakaniambia kitabu kinajua zaidi."

Alitibiwa upande aliousema, akaishi miaka mingine minne kwa rehema za Mola. Najmuddin hakurudishiwa kazi ya vitabu. Alimaliza umri wake akichora maua ya vigae, na wanasema hakulalamika.

Ndugu yangu, toba ya moyoni ni jambo jema, lakini kosa likishatoka mikononi mwako lina miguu, linatembea wakati wewe umekaa kwenye msala. Ninakuomba hili moja tu: kama kuna neno lako la makosa ambalo mtu analifuata leo, mwendee umwambie. Usingoje Ijumaa.