Kitoweo Kilichobeba Maneno ya Wakwe

Hadithi hii nilipewa na shangazi yangu Mapenzi, dada yake baba, siku za kupukuchua mbaazi. Kila akifika pale Sungura anapojibu, mkono wake ulikuwa unasimama kwenye ungo, acheke kwanza. Nami nawapa kama nilivyopewa.

Zamani, zamani ile ya kale hasa, wanyama walipokuwa na miji yao na wakwe zao, Fisi alimkamata Sungura shambani kwenye kunde. Hakumla palepale. Kwake alikuwa na mgeni, na mgeni mwenyewe mama mkwe, mama yake Kadzo mkewe. Siku ya tatu ile bibi wa watu anakula mchicha, na kesho anarudi kwao. Fisi akaona haya. Atakwenda kusema nini huko?

Basi Sungura akafunikwa jikoni kwa tenga la kuku. Fisi akakaa juu yake, pwata.

Sungura akachungulia kwenye matundu. Akaona chungu juu ya mafiga. Akaona ndimu, tangawizi, vitunguu vimeshakatwa. Kadzo yuko juu ya kibao cha mbuzi anakuna nazi, kwaru, kwaru.

"Nyama ya sungura," Kadzo anasema, "ukiipunja ndimu inanuka majani."

"Usiipunje basi. Na mgongo umpe mama."

"Na mimi je?"

"Wewe utakula paja."

"Paja lenyewe liko kama kidole changu."

Sungura akalishika paja lake.

Sasa wajukuu zangu, adabu ya mtu na mama mkwe wake enzi zile ilikuwa kali. Hawatazamani. Hawasemezani. Mama akitaka kuingia anakohoa, mkwe anageukia ukutani. Na neno lazima lipite kwa mtu wa tatu. Lisipopita, hata kama umelisikia, hujalisikia. Tangu asubuhi Sungura anawasikia tu: "Kadzo, muulize mumeo kaamkaje." Na Fisi yuko palepale, hatua tatu: "Kadzo, mwambie mama nimeamka salama."

Kadzo akamaliza nazi, akatazama mtungini. Hamna hata tone.

"Nakwenda kisimani. Mume wangu, usinyanyuke hapo."

"Ninyanyuke niende wapi?"

Kadzo akaenda zake. Kidogo tu, nje kukasikika: koho, koho. Fisi akageukia ukutani, matako hayajaachana na tenga. Mama mkwe akaja, akaketi kizingitini, mgongo ndani, uso nje, kajitanda kanga. Na jiko lile lilikuwa na mlango mmoja tu.

Kuni zinatatarika.

"Sijui hapa kuna mtu wa kuulizwa," bibi akauambia uwanja.

Sungura akaona hapa pana kaupenyo.

"Nipo, bibi."

"Nani wewe?"

"Kitoweo."

Bibi akafikiri kidogo. "Haya, kitoweo. Muulize baba huyo, mwanangu kaenda wapi?"

"Baba, unaulizwa, mkeo kaenda wapi?"

Fisi akasita. Lakini mama mkwe kauliza, ataachwaje bila jibu? "Mwambie kisimani."

"Kisimani, bibi."

"Mwambie sungura hapikwi mbiombio. Alowe kwanza kwenye ndimu na chumvi, mpaka jua lipinduke."

"Baba, nisipikwe mbiombio. Nilowe."

"Mwambie nimesikia."

"Kasikia, bibi. Ila mimi naona tabu. Haya maneno yako ya heshima yanapita chini ya makalio ya mkweo."

Bibi akaivuta kanga mpaka puani. "Kakukalia?"

"Kanikalia, bibi. Kila neno lako likija, linampitia huku."

"Ee mama yangu. Hebu muulize baba huyo, huko kwao hawafunzwi?"

Fisi masikio yakamwaka moto. Swali halijafikishwa, yeye keshasimama, kalifunua tenga. Akainama, akanong'ona, "Unaenda hapo mlangoni, unarudi. Ukikimbia nakutafuna na mifupa yako."

"Nikimbie na maneno ya mkweo mdomoni? Mimi si mhuni, baba."

Sungura akaenda mlangoni, tifu tifu. "Bibi, kasimama. Anaomba radhi." Akarudi. "Baba, umesamehewa. Anauliza tangawizi ipo?" Akaenda. "Ipo, bibi." Akarudi. "Baba, anasema isizidi, itaua ladha yangu."

Fisi, uso ukutani, akaanza kutulia. Akaona mjumbe huyu hata Kadzo hamfikii. Kadzo akitumwa mara mbili, ya tatu ananuna.

"Mwambie mama, mgongo ni wake."

"Neno zuri hilo," Sungura akasema. "Hilo halitaki haraka."

Akaenda polepole. Akafika kizingitini, akairuka miguu ya bibi, hop, akatua uwanjani. Akaingia mihogoni.

Bibi alimwona vizuri sana. Akafungua mdomo. "Mwambie baba huyo, kitoweo chake..." Amwambie nani? Hakuna mtu. Akaufunga.

Huko ndani Fisi anangoja jibu. Haliji. Akageuza jicho moja, akaona tenga tupu, na kwa juu ya bega la mama mkwe akaona majani ya mihogo yanatikisika. Atoke? Mlango umekaliwa. Na mtu hamruki mama mkwe kama gogo.

"Mwambie mama anipishe," akaanza. Naye akakumbuka hana wa kumtuma.

Wakakaa hivyo, wamepeana migongo, kila mmoja anajua, hakuna anayesema. Mihogo ikatulia. Jua likapinduka. Ndipo Kadzo akatokea na mtungi kichwani.

"Kadzo," mama akasema, "mwambie mumeo kitoweo kimeondoka."

"Kadzo, mwambie mama nimekiona."

"Mwambie mimi nilikiona kwanza."

Kadzo akautua mtungi. Akamtazama mama, akamtazama mume. Hakumwambia mtu kitu.

Shangazi alikuwa akimaliza hivi: ukimpa adui mdomo wako akusemee, akiondoka anaondoka nao.

Haya, Mbeyu, mwachie mwenzio shuka. Laleni sasa, wajukuu zangu.