Mpunga wa Shule Iliyokataa Kufungwa

Hapo zamani, na nikisema zamani simaanishi enzi za mababu, nasema zamani ya juzi ambayo wengine wenu mliiona kwa macho mkanyamaza, palikuwa na kijiji cha Nyakipembe, kijiji cha wakulima wa mpunga kando ya mto. Mwenye usingizi aende akalale sasa hivi. Mwisho wa hadithi hii nitauliza swali, na sitaki mtu anijibu "sijui".

Nyakipembe palikuwa na shule ya sekondari ya kata. Tuliijenga wenyewe. Wanaume walifyatua tofali, wanawake walibeba maji kichwani. Kabla ya shule ile, mtoto akimaliza darasa la saba ilibidi avuke mto kwenda shule ya ng'ambo, na mto ule una mamba. Wavulana wachache walivuka. Wasichana walibaki nyumbani wakaozwa.

Sasa sikilizeni kosa letu, maana tulikosa sisi wenyewe. Mwaka mmoja walikuja makarani wa kuhesabu watu, nyumba kwa nyumba. "Mama, una watoto wangapi?" Jamani, kwetu mtoto hahesabiwi kwa kinywa! Kuku utahesabu, magunia utahesabu, lakini mtoto, ng'o. Ukimhesabu unamwonyesha kwa mabaya yanayopita. Basi mama mwenye watoto tele uani anamwambia karani, "Ninao wawili hivi, Mungu akipenda." Nyumba ya pili, wawili hivi. Nyumba ya tatu, wawili hivi. Makarani wakaandika, wakashukuru, wakaenda zao. Mdomo ukaponza kichwa.

Mwaka uliofuata akaja mtu wa tathmini. Jina lake analijua mama yake, sisi tulimwita Bwana Takwimu. Alikuja msimu wa kwelea kwelea, wale ndege wadogo wanaoshuka shambani kama wingu. Msimu huo watoto wote wako mabondeni, juu ya madungu, vile vibanda vya miti mirefu, wanarusha mawe kwa makombeo na kupiga kelele kutwa. Asiyeamia ndege hali wali mwaka huo.

Bwana Takwimu akaingia darasani. Madawati matupu. Akaangalia makaratasi yake. "Wanafunzi waliopo wachache. Watoto wa kijijini wachache. Fedha inayoingia hapa haina watu wa kuitumia. Shule hii ifungwe, wanafunzi wahamie ng'ambo."

"Ng'ambo kuna mamba, mheshimiwa," akasema mkuu wa shule, Mwalimu Ungando, mtu wa kuja, mrefu, mwenye sauti ya kukwaruza.

"Mamba hawamo kwenye vigezo vyangu," akajibu Bwana Takwimu. Haki ya Mungu, alisema hivyo! "Nitarudi Jumatatu kuthibitisha. Usiguse kitu."

Usiguse kitu! Hata vumbi la gari lilikuwa halijatulia, Mwalimu Ungando akachukua bisibisi, akaung'oa ubao ukutani, akajitwika mwenyewe mpaka mabondeni. Akausimamisha kwenye tuta kati ya madungu. Akafundisha hesabu. Watoto kule juu wanarusha mawe, wanajibu, wanarusha mawe, wanajibu. Ofisi ya elimu wilayani ikasikia, ikapiga simu. "Nani kakuruhusu kuhamisha mali ya serikali?" Mwalimu akasema, "Shule imewafuata wanafunzi. Mnaotaka kuifunga, njooni muifunge huku kwenye matope." Barua ya kumsimamisha kazi ikafika kabla wiki haijaisha. Mshahara ukasimama. Mwalimu akaisoma, akaikunja, akaendelea kufundisha.

Jumatatu Bwana Takwimu akarudi. Akaonyeshwa watoto juu ya madungu, madaftari mapajani. Akatikisa kichwa. "Mwanafunzi ni yule aliye darasani. Hawa siwahesabu."

Hapo ndipo aliposhuka Somoe. Msichana wa kidato cha pili, mama yake marehemu, baba yake yuko kitandani na mguu uliovunjika. Dungu lao lilikuwa na mtu mmoja tu, yeye. Na siku hiyo ndege walikuwa wengi hata jua halionekani vizuri. Akamwamkia mgeni, "Shikamoo," kisha akawageukia wenzake akapaza sauti: "Shukeni! Anataka madawati, tukampe madawati!"

"Na ndege?" wakauliza.

"Mimi nimeshuka. Nani ana mpunga mchanga, wa kuliwa na ndege, kuliko wangu?"

Wakashuka, dungu baada ya dungu. Kila nyumba mzazi mmoja akakimbilia kupanda mahali pao, wengine tukawafuata shuleni. Dungu la Somoe halikupandwa na mtu, kwa sababu kila mtu alikuwa na ndege wake. Alipokuwa ameketi darasani, mgongo wima, kwelea kwelea walikuwa wanamaliza shamba la baba yake. Alijua. Hakuinuka.

Darasa likajaa, wengine wakakaa madirishani. Mngedhani yamekwisha? Thubutu! Bwana Takwimu akafungua makaratasi yake tena. "Haiwezekani. Kwa takwimu za kaya, kijiji hiki hakina watoto wengi hivi. Mwalimu, hawa umewaazima vijiji vya jirani."

Yaani watoto wamekaa mbele yake, wanakohoa, wananuka tope, naye anaamini karatasi! Na sisi tuliosimama nje tukainamisha vichwa, maana uongo ule ulikuwa wetu. Kuufuta ilibidi mtu afungue kinywa ahesabu, na hakuna aliyethubutu.

Akaingia Bibi Siwatu. Mwanamke aliyezika watoto wake wote wa kuzaa na kubaki na wajukuu. Katika kijiji kizima hakuna aliyekuwa na sababu kubwa ya kuogopa kuhesabu kuliko yeye. Akamwambia mgeni, "Mwanangu, karani wako nilimdanganya mimi. Andika sasa." Akaweka mkono juu ya kichwa cha mjukuu wa kwanza. "Moja." Watu nje wakaziba masikio. "Mbili." Mtu akalia, "Bibi, acha!" "Siachi! Tatu!" Mkono ukahama kichwa hadi kichwa. Alipomaliza wajukuu wake akageuka dirishani. "Na nyie, mmekufa? Njooni mhesabu wa kwenu!" Wakaingia, mmoja mmoja, wakilia, wakahesabu. Bwana Takwimu akaandika mpaka kalamu ikakwama.

Shule haikufungwa. Tulishinda! Lakini ushindi nao hula.

Mwalimu Ungando, barua yake haikufutwa na mshahara haukurudi. Somoe, shamba lao lilibaki mabua. Bibi Siwatu, mjukuu wake mdogo aliugua homa kali. Alipona, tunamshukuru Mungu, lakini watu wakaanza kunong'ona kwamba Bibi kaita balaa. Wakati wa ujima, tunapovuniana mashamba, hakuna aliyekwenda kwake. Mpunga wake ukapukutikia shambani.

Na shule ilikuwa na shamba lake dogo, nalo lilivunwa. Kijiji kikakubaliana: mpunga huu apewe aliyeiokoa shule. Wewe unasema wagawane, nimekuona unavyofungua mdomo! Mpunga ule ulitosha kuivusha nyumba moja mpaka mavuno. Ukigawanywa, nyumba zote tatu zinaingia kwenye njaa, zinapishana siku chache tu.

Wakaitwa mkutanoni. Hakuna aliyejifanya mnyenyekevu, na mimi niliwapenda kwa hilo.

Mwalimu akasema, "Mngefunga midomo yenu tu, kama mlivyozoea, kama mimi nisingekataa amri siku ya kwanza. Mlijua kuna kukataa? Mimi ndiye niliyewaonyesha. Sina shamba hapa, sina ndugu hapa. Nisipopata mpunga huu narudi kwetu, na mtafute mwingine wa kuwafundishia watoto bila mshahara."

Mtu akamrushia neno, "Ulikuwepo makarani walipodanganywa, ulijua, ulinyamaza!"

"Niliheshimu mila zenu," akasema. "Ndiyo, nilinyamaza."

Somoe akasimama. "Mwalimu kapoteza mshahara wa serikali. Bibi kapoteza msaada wa majirani. Mimi nimepoteza chakula cha baba yangu, nikiwa nasikia ndege wanavyokula. Msinisifu, sitaki sifa. Nisipopata mpunga naacha shule Jumatatu, nakwenda kufanya kibarua."

"Nani alikutuma uache shamba la mzazi?" akauliza mwenyekiti wa kijiji.

"Hakuna aliyenituma. Na nyie mliopanda madungu yenu, mbona hamkulitazama letu?" Mwenyekiti akampa neno Bibi.

Bibi Siwatu hakusimama, magoti yalikuwa yanamuuma. "Hawa watoto wangu wametoa mali. Mimi niliwatoa wajukuu wangu, nikiamini kabisa kwamba huenda nikamzika mmoja. Naamini hata sasa. Ndiyo, nilimdanganya karani, na wote hapa mlimdanganya, ila mimi peke yangu nililisema kosa langu mbele yake. Nisiposhiba, nawapeleka wajukuu kwa shangazi zao mjini. Mtabaki na madawati yenu."

Mnaelewa sasa? Ukimnyima mwalimu, shule haina mwalimu. Ukimnyima Somoe, aliyeijaza shule hatakaa ndani yake. Ukimnyima Bibi, dawati refu la mbele wanalokaa wajukuu wake linabaki tupu, na Bwana Takwimu kasema mwakani atakuja tena kuhesabu.

Magunia yako pale mlangoni mwa ofisi ya kijiji. Mikono yenu ndiyo itakayoyabeba. Haya, wewe uliyekuwa unacheka, anza wewe: mpunga ule unaingia nyumba ya nani?