Zamu ya Nguchiro

Paukwa.
Pakawa!
Pakawa kichuguu, na juu yake?
Mlinzi!
Haya, kama mlinzi yupo, tulieni niwasimulie.

Hapo kale, kale ya kale, nguchiro walikaa kwenye kichuguu kimoja. Mkuu wao alikuwa Bi Sikitu, aliyeachiwa ukuu na mama yake. Walikuwa na desturi. Wenzake wakifukua wadudu, mmoja hupanda juu ya kichuguu akaimba: "Nipo, naona. Kuleni, naona." Wimbo ukikatika, wote shimoni, maana Tai amekuja. Mlinzi hula mwisho, na lazima abakiziwe.

Ukaja ukame. Wadudu wakaisha pale karibu, wakabaki ng'ambo ya kilima.

Babu Kirungu, mzee wa kundi, akasema, "Mlinzi husimama juu ya kichuguu. Mwacha mila ni mtumwa." Bi Sikitu akaogopa kuitwa mvunja mila, akaitikia. Wakaenda kufukua ng'ambo, mlinzi akabaki kichuguuni akiimba. Tai akaja. Mlinzi akanyamaza, lakini huko ng'ambo nani angejua kwamba amenyamaza? Tai akaondoka na ndugu yao mmoja. Wazee wakasema mlinzi hana kosa. Kweli, hakuwa nalo.

Siku ya pili vijana wakasema, "Mambo ya walinzi yamepitwa. Kila mmoja ajilinde kwa macho yake." Bi Sikitu, kwa uchungu aliokuwa nao, akaitikia. Lakini mwenye njaa ana macho gani? Kila mmoja aliinamisha kichwa akidhani mwenzake ameinua chake. Tai akaja, akamnyakua Kipini, mwana wa Bi Sikitu. Mtoto akamng'ata kidole, akaangushwa miibani, mguu ukavunjika.

Bi Sikitu alimlamba mwanawe huku akilia. Kisha akamwendea Babu Kirungu.

"Babu, wale wa kale walikuwa wanalinda kichuguu, au walikuwa wanatulinda sisi?"

Babu akajikuna sikio.

Siku ya tatu Bi Sikitu akamfuata Ngiri, aliyekuwa akila nyasi karibu na mashimo yake huko ng'ambo.

"Kaka Ngiri, mgongo wako una kupe."

"Unao, tena wengi."

"Sisi tutakutoa kupe, wewe utupe mgongo tusimame."

Ngiri akakubali. Wazee wakanung'unika. "Mlinzi juu ya ngiri? Mama yako angesemaje?"

"Mama angeuliza kama watoto wamerudi wote," akajibu. "Zamu haivunjwi, babu zangu, zamu inahama. Na ya kwanza ni yangu."

Akapanda, akaimba. Ngiri akasogea, Bi Sikitu akaimba. Njaa ikamuuma, akaimba. Tai akaja, wimbo ukakatika, wote wakatumbukia katika mashimo ya Ngiri, hata Kipini na kuchechemea kwake. Tai akarudi na makucha matupu.

Jioni Babu Kirungu akaja polepole, akaweka mbawakawa mnono mbele ya Bi Sikitu. "Kula," akasema. "Tumekubakizia."

Hadithi yangu imefika shimoni. Nguchiro walirithi zamu, kichuguu kilikuwa pa kusimamia tu. Anayeongoza wenzake ajue kipi ni zamu na kipi ni kichuguu. Utamu wake chukueni nyinyi, uchungu wake mwachieni Tai.

Nami nimeshika zamu tangu mlipoanza kula. Ule muhogo, mmenibakizia?