Meno Mawili Kwenye Kona ya Khanga

Usilisingizie jino, homa ina mwenyewe.

Jamani, nimejua methali hii ilianzia wapi, na siwezi kukaa nayo peke yangu. Juzi nimerudi likizo kutoka chuo, mtoto wa dada yangu anachemka, sisi tunacheka tu, "Si meno hayo." Shangazi Sikujua akaacha kuchambua mchicha, akaitamka. Tukamuuliza imetoka wapi. Akasema imetoka humu humu ndani.

Bibi yetu Semeni, mama yake Shangazi, alikuwa na mtoto wa kwanza, Pazi, wa miezi sita. Pazi akashikwa na homa na kuharisha. Semeni akataka kumpeleka zahanati, mama mkwe wake akamzuia mlangoni.

"Zahanati wanajua nini? Hayo ni meno ya plastiki, yale mabaya yanayojificha kwenye fizi, dawa yake kung'olewa. Akichomwa sindano nayo yamo, anakufa."

"Mama, mtoto anaungua."

"Mimi nimezaa saba. Wewe mwenzangu umezaa wangapi?"

Akaitwa mzee wa kung'oa. Alikuja na spoku ya baiskeli, imenolewa. Mkwe akashika kichwa, Semeni akashika miguu. Mzee akachimbua fizi, akatoa vitu viwili vyeupe, laini kama punje za mahindi mabichi.

"Mnaona? Plastiki."

Semeni akavifunga kwenye kona ya khanga, akashukuru. "Alishukuru," Shangazi akarudia.

Siku ya tatu Pazi akakaza shingo, macho yakageuka. Semeni akambeba mpaka zahanati, hakumuaga mtu. Nesi akamtoboa kidole, akapima. Malaria, tena kali.

"Umechelewa, dada. Jino likiota, mtoto anatoka udenda, anang'ata kila kitu, analialia. Unanawa mikono, unamsugua fizi kwa kidole, unampa kitambaa safi chenye maji baridi atafune. Basi. Joto hili si la jino."

Semeni akafungua kona ya khanga. "Na haya je?"

Nesi akayaangalia muda mrefu.

"Hayo ni meno yake mwenyewe. Yalikuwa bado hayajawa tayari kutoka."

Pazi alikufa kabla ya adhuhuri.

Msibani wanawake wakawa wanaambiana, "Meno yamemchukua." Semeni akawasikia. Akainua kichwa.

"Msilisingizie jino. Homa ina mwenyewe."

Mkwe wake akatazama mkeka.

"Huyo mkwe alimwomba radhi?" nikauliza.

"Alikuwa na neno moja tu. 'Sikujua.' Alilisema kila siku, mpaka mimi nikazaliwa. Mnadhani jina langu limetoka wapi?"

Hakuna aliyecheka tena. Dada alishaanza kutafuta kadi ya kliniki. Shangazi akamfunga mtoto mgongoni mwake, akakaza khanga, akatangulia mlangoni.

"Twende. Usilisingizie jino, homa ina mwenyewe."