Chokaa ya Mji wa Kale

Hapo zamani, wafu walipokuwa bado wana heshima yao, alikuwako Sultani mmoja, Madi jina lake, aliyerithi ufalme, na kando ya mji wake akarithi magofu ya mji wa kale: misikiti, majumba na makaburi ya wazee wake, yote ya mawe ya matumbawe. Ikawa wageni wanatoka nchi za mbali kuja kuyatazama, na kila ajaye huacha tunu. Basi tamaa ikamwingia, akaamuru wajengewe nyumba ya kupumzikia, yenye baraza na jiko na choo cha fahari. Neno jema hilo, nani angelikataa? Msafiri ana haja zake. Lakini chokaa itoke wapi? Mawaziri, vichwa vitupu wale, wakasema kuvunja matumbawe baharini ni taabu, na mawe makavu yamesimama pale bure. Basi kuta za kale zikabomolewa, zikapangwa juu ya magogo, zikachomwa, na chokaa yake ikapakwa nyumba ya wageni hata ikang'aa.

Ikasalia nguzo moja ya kaburi, na chini yake amelala bibi yake mtu mmoja, Mshangama jina lake. Mshangama huyu alikuwa fukara, hana mbele wala nyuma, na bibi huyo ndiye aliyemlea. Aliposikia kuwa na nguzo ile itatiwa tanurini, alikwenda barazani kwa Sultani akaomba iachwe. Wakamcheka wote, na Sultani akawashinda kwa kicheko.

"Ijumaa anakuja Kadhi Muhidini na watu wake," akasema. "Waonyeshe mji wa kale wote, kama babu yangu alivyouacha, lisipungue jiwe. Ukiweza, nguzo ni yako. Ukishindwa, utaibomoa kwa mikono yako, na kuni utabeba wewe."

Mshangama moyo ulimwaka, lakini akajibu kwa adabu, "Nimesikia na nimetii, maulana. Nawe ufuatane nasi, uwe shahidi."

Ijumaa ikafika, na wageni wakafika. Mshangama hakuwapeleka magofuni. Aliwaingiza nyumba ya wageni, akagusa ukuta wa baraza akasema huu ndio msikiti wa Ijumaa. Akawapeleka jikoni, akasema hili ni jumba la mawaziri wa kale, limeanza kuingia masizi. Sultani akamkemea, akamwuliza kama amerukwa na akili. Mshangama akasema yeye ametii amri tu, kwani kila jiwe lililotoka kule limo humu, na mchoma chokaa aulizwe. Mchoma chokaa akaulizwa, naye, maskini, akaapa kwamba hakuiba hata moja.

Kadhi alikuwa mtu wa adabu. Akasema si desturi mgeni kuzuru mji asiwaombee wenyewe, basi aonyeshwe kaburi la babu yake Sultani. Mshangama akatangulia mpaka kwenye ukuta mweupe kuliko zote, akasema ndilo hili. Kadhi akavua viatu, akainua mikono.

"Shusha mikono, shehe," Mshangama akasema. "Hapa Fatiha haisomwi. Ni chooni."

Kadhi akashusha mikono, akamtazama Sultani, na hakuna aliyecheka. Mshangama akauliza, "Maulana, mji umetimia, au limepungua jiwe?"

Sultani jasho likamtoka. Akisema limepungua, ataulizwa mbele ya wageni ni nani aliyelipunguza. Akisema umetimia, nguzo imepona.

"Umetimia," akasema.

Basi tanuri likazimwa siku ile, na nguzo ikaachwa. Nyumba ya wageni nayo haikuvunjwa, kwa kuwa mgeni ni mgeni, ila chumba kilichoongezwa baadaye kilijengwa kwa matumbawe ya baharini, na mawaziri ndio walioyabeba. Wageni wakastarehe, na choo wakakisifu sana. Sultani peke yake, kila alipobanwa na haja akiwa kule, alikwenda vichakani.