Rangi Ndani ya Mdomo wa Mashine

Hapo zamani, zamani ya juzi tu maana rangi bado ninayo kwenye kucha, sisi akina mama watatu wa milimani Upareni tulikuwa na mashine ya kusaga. Kutu iliitafuna ikawa ya aibu. Bwana afya akasema isafishwe na ipakwe rangi, la sivyo anaifunga. Fundi hatumwezi, tukagawana kazi.

Nakunda apige msasa mpaka chuma king'ae. Mbonea afute grisi kwa mafuta ya taa, kisha aoshe kwa sabuni, pakauke. Mimi nipake rangi ya kijani. Na mwenye duka aliyeniuzia rangi alinionya, kwa masikio yangu haya: "Mama, nje tu. Panapopita mahindi usipaguse."

Nakunda akapiga msasa bila kujifunga kitambaa puani, vumbi likambana kifua. Alipofika kwenye mdomo wa mashine, pale panapomiminwa mahindi, akaiacha kutu, akanyamaza. Mbonea akafuta. Alipofika mdomoni akaona hapaonekani, akaiacha grisi, akanyamaza. Mimi nikapaka nje, ikapendeza kweli. Rangi kidogo ikabaki koponi. Kuimwaga nikaona uchungu. Nikaimalizia mdomoni, nami nikanyamaza.

Ilipokauka, wa kwanza kuja alikuwa Mama Naetwe. Aliteremka mlima na debe lake la mwisho la mahindi, asage unga wa uji wa mjukuu. "Mmejua kuipamba!" akatusifu. Tukacheka kwa raha. Akasaga, akapanda zake.

Saa sita mchana haijafika, huyo amerudi na ungo. Unga mweupe, na ndani yake vigamba vya kijani.

"Mtoto sijampa," alisema taratibu. "Niambieni tu, nimuulize nani?"

Jamani, aibu ile! Bora angetutukana.

Nakunda akasema, "Ni mimi. Rangi haishiki juu ya kutu."

Mbonea akasema, "Ni mimi. Juu ya grisi ndiyo haikai kabisa."

Nikasema, "Ni mimi. Nilionywa."

Lakini wote tulisema huku tukitazama miguu yetu, kila mmoja akimsubiri mwenzake aupokee ule ungo. Mama Naetwe bado amesimama, ungo mikononi.

Haya, nyie mnaonisikiliza, msinihurumie. Je, kati yetu watatu, nani alipaswa kuinua uso kwanza, aupokee ule ungo?