Mshenga Asiyevua Viatu

Kidole kilichochungulia hakivunji posa. Methali hii mmeisikia kwa shangazi yenu asubuhi, na sasa mnataka kujua ilikotoka. Ilianza mlangoni kwa Bi Mwanahawa, mjane wa Muheza, ugomvi ukiwa umeshapamba moto.

"Kwangu mkeka haukanyagwi na viatu," alisema Bi Mwanahawa, mikono kiunoni. "Hata kadhi akija, anavua."

"Na kwetu mshenga havui mpaka ajibiwe," alijibu Mzee Shekue, aliyeleta posa ya kijana Mbaraka. "Ni mila ya ukoo."

"Ukoo gani huo? Mikeka mnaitundika ukutani?"

Nyuma ya pazia, Salha, binti aliyekuwa akiposwa, alitega sikio. Alimtaka Mbaraka, na alijua kwamba mshenga akiondoka bila kuingia ndani, posa imerudi, wala hakuna atakayeileta tena. Akachungulia. Ajabu ni kwamba mzee hakuonekana mwenye hasira. Alikuwa anatokwa jasho, anavitazama viatu vyake vya kamba.

"Basi nimpelekee Mbaraka salamu gani?" mzee aliuliza, akigeuka kuondoka.

Bi Mwanahawa akamtazama. Ami zake Salha walishakubali tangu juzi. Jibu lilibaki kutamkwa tu, baada ya kula.

"Yaani ukijibiwa, unavua?"

"Navua."

"Haya. Tumekubali, binti ni wenu. Vua."

Mzee Shekue hakuwa na pa kukimbilia. Akainama, akafungua kamba polepole kama mtu anayebandua plasta kwenye kidonda. Kiatu kikatoka. Soksi ilikuwa nyeupe, imepigwa hadi pasi, na kidole gumba kilikuwa nje chote, kinasalimia watu.

Salha akauma mtandio asicheke.

"Mke wangu aliniambia nije na kandambili," mzee alisema kwa sauti ndogo. "Nikaona mshenga wa kandambili ataonekana mhuni. Sasa, Bi Mwanahawa, neno lako lingalipo?"

"Mzee, mimi naoza binti, sikagui soksi. Pita ndani, pilau inapoa."

Mzee akavua kiatu cha pili, akavua na soksi zenyewe, akazisokomeza mfukoni. Akaukanyaga mkeka kwa miguu mitupu, akaketi.

"Kidole kilichochungulia hakivunji posa," alisema Bi Mwanahawa, akampakulia yeye kwanza.